Ruzuku za amani mpakani: nani huketi mezani fedha zinapogawanywa?

Kazi yangu ni kupitia maandiko ya miradi na kukagua matumizi ya ruzuku za umma. Ninapoulizwa kuhusu fedha za amani zinazovuka mipaka, wengi hutaka kujua kwanza kiasi chake. Mimi huanza kwa kutazama ni nani wanaoketi pamoja kuamua ziende wapi. Mfano ninaourejea mara kwa mara ni programu ya PEACE, inayohudumia Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na kaunti sita za ukanda wa mpakani katika Jamhuri ya Ireland.

Umoja wa Ulaya uliianzisha mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya makundi yenye silaha kutangaza kusitisha mapigano katika mgogoro wa Ireland ya Kaskazini, hasa kati ya Wakatoliki waliotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland na Waprotestanti waliotaka kubaki Uingereza, ambao kwa jumla uliua watu wapatao 3,500. Sehemu ya fedha za awamu ya kwanza iligawanywa na bodi za ubia za wilaya, ambazo theluthi ya wajumbe wake walikuwa madiwani, theluthi nyingine wakatoka katika asasi za kijamii, na waliobaki wakawakilisha wafanyabiashara, vyama vya wafanyakazi na sekta nyingine. Hivyo madiwani wa vyama visivyopatana walijikuta wakipanga pamoja bajeti za mitaa yao kabla ya Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya 1998, mkataba wa amani wa mgogoro huo. Kwa maoni yangu, vikao hivyo vilikuwa kazi ya amani kama ilivyokuwa miradi yenyewe.

Makubaliano hayo ndiyo yaliyoweka msingi wa SEUPB, chombo cha pamoja cha pande mbili za mpaka kinachosimamia fedha hizi hadi leo. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, programu haikufa. PEACEPLUS, awamu yake ya kipindi cha 2021 hadi 2027, ina zaidi ya yuro bilioni 1.1, zinazochangiwa na Umoja wa Ulaya, serikali za Uingereza na Ireland, na serikali ya Ireland ya Kaskazini.

Ugumu mkubwa uko katika kupima matokeo. Daraja la Amani katika jiji la Derry, lililofunguliwa mwaka 2011 juu ya mto Foyle, kila mtu analiona. Lakini kijana Mkatoliki na mwenzake Mprotestanti, ambao kwa kawaida husoma shule tofauti, utajuaje kwamba wameanza kuaminiana? Miradi mingi ya awali ilihudumia jamii moja pekee, na ingawa hatua hiyo ina nafasi yake, kwani watu wenye hofu huhitaji kujiandaa kabla ya kukutana, haiwezi kuwa mwisho wa safari. Kwa hiyo naunga mkono uamuzi wa awamu ya nne wa kudai kwamba miradi ya vijana iwakutanishe ana kwa ana, tena kwa muda mrefu.

Jambo moja bado linanisumbua. Kwa fedha za Umoja wa Ulaya, mradi kwa kawaida hutumia fedha zake kwanza, kisha hurejeshewa baada ya kuthibitisha matumizi, utaratibu ambao halmashauri huumudu lakini kikundi kidogo cha kijiji cha mpakani hakiumudu. Kanuni za kipindi hiki zinaruhusu gharama nyingine zote zikadiriwe kwa kiwango kisichozidi asilimia 40 ya gharama za moja kwa moja za watumishi, bila kudai risiti ya kila kitu. Hilo linapunguza makaratasi, ila halimpi mtu mtaji wa kuanzia. Bila malipo ya awali, vikundi vilivyo karibu zaidi na mpaka vitaendelea kuachwa nje.