Je, wajua kwa nini ilimba ya Hukwe Zawose ilikuwa na vyuma visivyopigwa?

Ilimba ni marimba ya Wagogo. Ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba, virefu kwa vifupi, ambavyo mpigaji huvibonyeza na kuviachia kwa vidole gumba. Mtu aliyezoea marimba ndogo za watoto akiiona ilimba kubwa aliyopiga mwanamuziki Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, atashangazwa kwanza na wingi wa vyuma. Kisha atagundua kwamba kuna vyuma ambavyo wimbo unaanza na kuisha bila kidole kuvigusa.

Sasa kwa nini fundi ahangaike kufua chuma, kukipanga na kukipatanisha sauti, halafu kisipigwe?

Kwa sababu kinalia chenyewe. Kila chuma kina kasi yake ya kutikisika. Tuseme kimoja kinatikisika mara 400 kwa sekunde. Ukikipiga, mtikisiko unaingia kwenye ubao na kuvifikia vyuma vyote. Chenye kasi ileile kinaupokea na kuanza kulia, mithili ya bembea inayosukumwa kila inaporudi. Chenye kasi nyingine kinabaki kimya. Kwa hiyo vyuma visivyopigwa havijawekwa ovyo. Vimepatanishwa na vile vinavyopigwa, na kazi yao ni kuirefusha sauti na kuijaza. Ndiyo maana mtu mmoja akipiga ilimba unaweza kuapa kwamba wako wawili au watatu.

Bado kuna mvumo fulani wa kukwaruza unaosikika chini ya sauti hiyo. Huo ni wa buibui. Mafundi huchukua utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, wakaubandika juu ya tundu dogo kwenye sanduku. Hewa ya ndani ikitikisika, utando nao unavuma. Masikio yaliyolelewa na piano yanaweza kudhani chombo kimeharibika, kumbe bila mvumo huo Mgogo atakwambia hakijakamilika.

Na ukijaribu kuufuatisha wimbo wa Kigogo kwenye kinanda, kuna noti moja itakusumbua tu. Wagogo hujenga ngazi yao ya sauti kutoka kwenye sauti zilizojificha ndani ya sauti moja. Uzi wa zeze unaotikisika mara 100 kwa sekunde hutoa pia, kwa unyonge, sauti za juu zaidi za 200, 300, 400 na kuendelea. Ukihesabu ile ya 100 kuwa ya kwanza, wanatumia hasa ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi. Hiyo ya saba ndiyo yenye kesi: iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa karibu theluthi ya nusutoni, yaani ya hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda. Haimo kwenye kinanda chochote cha kawaida, wala haijakosewa.

Zawose alizaliwa mwaka 1938, akakua katika muziki huo. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni, alimwita Dar es Salaam. Baadaye akahamia Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa na kupiga pamoja na ndugu na watoto wake. Alitengeneza vyombo vyake mwenyewe na kuviongezea ukubwa, zeze zikapata nyuzi nyingi na ilimba zikapata vyuma vingi. Kwenye kuimba alishuka hadi sauti ya kifuani kabisa, kisha ghafla akapanda juu kama si yeye.

Uingereza walimrekodi tangu miaka ya 1980, na mwaka 1996 albamu yake ikatoka katika kampuni ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, ile ya Real World. Mwaka 2002 alitoa nyingine akiwa na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, wakachanganya ilimba na gitaa la umeme. Alifariki Bagamoyo mwishoni mwa Desemba 2003.

Hapa nyumbani, nadhani, wengi wamelisikia jina bila kuusikia muziki. Redio ilikuwa na dansi, kisha ikaja Bongo Fleva, na nyimbo za Kigogo zikaachiwa sherehe za kitaifa, tena dakika tano kabla ya hotuba. Ukitaka kumsikiliza, usitumie spika ya simu. Inameza sauti nzito karibu zote. Vaa spika za masikioni. Au subiri tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino, ambako vikundi vya vijijini huja na zeze, ilimba na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama, usogee karibu na mpiga ilimba na kuangalia ni vyuma vipi vidole vyake vinavipita.