Ubao mweupe wa mtandaoni ni nini?

Ubao mweupe wa mtandaoni ni programu inayofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta au kwenye simu na kukupa uwanja mtupu, ambamo watu kadhaa huandika, huchora na kubandika vitu kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa alipo. Ukiishia hapo umeshapata nusu ya maana. Nusu iliyobaki, tena ndiyo yenye uzito, imejificha kwenye maneno matatu: kwa wakati mmoja.

Ukiufungua, pembeni utakuta vifaa vya kazi: kalamu, maumbo, mishale, sehemu ya maandishi, na vikaratasi vya rangi vinavyoiga vile vya kunata ambavyo kampuni ya 3M ilianza kuviuza Marekani nzima mwaka 1980. Katikati kuna weupe usio na ukingo. Ukisogea kulia hufiki mwisho. Ukivuta karibu unasoma herufi, ukirudi mbali vikaratasi mia vinageuka vidoa. Juu ya weupe huo hupita vishale vyenye majina ya wenzako, vinakatiza huku na huko kama siafu waliovurugiwa njia. Mwanzoni vinachosha macho. Ukishavizoea vinaanza kukusimulia mambo: kishale kilichotulia mahali kwa dakika mbili maana yake mwenzako anasoma hapo, au ameinuka kwenda kunywa maji.

Programu za aina hii ni nyingi. Miro ilianza mwaka 2011 kwa jina la RealtimeBoard na kubadili jina mwaka 2019. Mural nayo ilizaliwa mwaka huohuo wa 2011. FigJam ilitolewa na kampuni ya Figma mwaka 2021. Microsoft wana Whiteboard yao, na Excalidraw ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ambayo michoro yake huonekana kana kwamba imechorwa kwa mkono. Sitazilinganisha hapa, kwa sababu zinatofautiana zaidi kwa bei na mapambo kuliko kwa wazo lenyewe.

Mahali kitu kilipo nako ni maneno

Mtu anaweza kuuliza: si tayari tuna hati za pamoja, ambazo watu kumi huandika ndani yake bila kugombana? Tunazo. Ila hati huenda kwa mstari. Aya ya kwanza hutangulia ya pili, na anayeandika juu huonekana ametangulia hata kama hakukusudia. Kwenye ubao hakuna juu wala chini mpaka nyinyi wenyewe mkubaliane. Vikaratasi viwili vikikaa jirani, ujirani huo ni dai: hivi vinahusiana. Kikisogezwa kimoja, dai limebadilika, na hakuna aliyelazimika kuandika sentensi.

Mwanaanthropolojia wa Japani, Jiro Kawakita, alilijengea jambo hili utaratibu katika miaka ya 1960. Andika kila taarifa kwenye kadi yake. Tandaza kadi zote. Zikusanye zile zinazoelekea kuvutana, kisha ndipo ulipe kila kundi jina. Mpangilio hutoka kwenye kadi. Haukai ukizisubiri kama makabati yenye majina tayari. Njia yake huitwa KJ, kwa herufi za mwanzo za jina lake kwa mpangilio wa Kijapani, Kawakita Jiro, na ndiyo inayofanywa kila siku kwenye mbao hizi na watu ambao hawajawahi kumsikia.

Tofauti nyingine ni kati ya ubao huu na kuonyeshana skrini katika mkutano wa video. Ukionyesha skrini yako, kalamu ni yako peke yako. Wengine husema "andika hivi", nawe unaandika vile ulivyoelewa, ambavyo si lazima viwe vile walivyosema. Kwenye ubao wa pamoja karani hayupo.

Wazo hili si changa. Katika miaka ya 1980, kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, palijengwa chumba cha mikutano kilichoitwa Colab, kila mhudhuriaji akiwa na kompyuta iliyounganishwa na za wenzake. Kanuni waliyoanza nayo ilikuwa "unachokiona wewe ndicho ninachokiona mimi". Kuijaribu kukawaonyesha kuwa ikifuatwa kikamilifu inabana: mmoja akisogeza kitu, skrini za wote zinasogea. Ikabidi wailegeze. Mbao za leo zimerithi ulegevu huo, kila mtu hutazama pembe anayoitaka, na ndiyo maana zikalazimika kuwa na kitufe cha kuwaita wenzako waje unapotazama wewe. Ukisikia mtu kwenye kikao akiuliza "mko wapi jamani, mimi sioni hicho kijikaratasi cha njano", ujue ni tatizo lilelile la Colab.

Kubungua bongo, na kasoro yake ya zamani

Watu wengi hukutana na ubao huu kwa mara ya kwanza kwenye kikao cha kubungua bongo, yaani kuchangia mawazo kwa wingi kabla ya kuyachuja. Utaratibu huo ulitangazwa na Alex Osborn, Mmarekani wa biashara ya matangazo, na kitabu chake cha mwaka 1953 ndicho kilichousambaza zaidi. Masharti yake ni manne: toeni mawazo mengi, msikosoe wakati yanatoka, karibisheni hata ya ajabu, na jengeni juu ya wazo la mwenzenu. Osborn aliamini kikundi kitatoa mawazo mengi kuliko watu haohao wakifikiri kila mtu peke yake. Ni imani inayoingia akilini kirahisi. Hata wahenga wetu wana lao: penye wengi pana mengi.

Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, walilipima hilo. Waliweka vikundi vya watu wanne wakae pamoja, na wengine wanne wanne wafanye kazi mmoja mmoja, kisha majibu ya hao wa pekee yakajumlishwa na yaliyojirudia kuondolewa. Waliofanya kazi peke yao ndio waliotoa mawazo mengi zaidi. Majaribio ya baadaye yakarudia kuonyesha hivyohivyo, na swali likawa ni kwa nini.

Jibu lililosimama vizuri zaidi lilitolewa mwaka 1987 na wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe. Woga wa kuchekwa upo, na uvivu wa kuwaachia wengine upo, lakini walichokiona kuwa kikwazo kikubwa ni foleni. Katika mazungumzo mtu mmoja tu husema kwa wakati. Unapongoja zamu yako unalishika wazo lako lisitoroke, na ukiwa umelishika huwezi kuzaa jingine. Au unasikiliza ya mwenzako mpaka lako linayeyuka. Kila aliyewahi kukaa kikaoni na neno mdomoni, akaambiwa "subiri kidogo" mara tatu, anaijua hali hiyo bila kuhitaji jaribio.

Hapa ndipo ubao wa mtandaoni unapopata sababu ya kuwepo. Unafuta foleni. Watu saba huandika kwa pamoja, hakuna anayemkatiza mwingine, na bado kila mmoja anaweza kuinua macho akaona la mwenzake likamchokoza. Mwaka 1992, mbao hizi zikiwa hazijazaliwa, Brent Gallupe na wenzake walijaribu kubungua bongo kupitia kompyuta zilizounganishwa. Vikundi vikubwa, vya watu hadi kumi na wawili, vilivyochapa mawazo yao vilitoa mengi kuliko vilivyoyasema kwa mdomo, na faida ilionekana zaidi kadiri kikundi kilivyokuwa kikubwa.

Kwa hiyo timu inayofungua ubao, kisha ikaendelea kuongea mmoja mmoja huku mtu mmoja akiandika vikaratasi kwa niaba ya wote, imenunua ngalawa ikaibeba kichwani. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo vikao vingi vinavyoendeshwa.

Kikao kinavyokwenda

Chukua timu ya watu saba inayotaka kujua kwa nini wateja wa programu yao wanaanza kujisajili kisha wanaachia njiani. Mwezeshaji anaandika swali juu ya ubao, swali moja tu, kwa maneno yanayojibika. "Usajili" si swali. "Nini kinamfanya mtu aache usajili kabla hajamaliza?" ni swali.

Anawasha kipima muda, dakika nane, na kuomba kimya. Kila mtu anaandika, wazo moja kwa kijikaratasi kimoja. Baadhi ya programu zina uwezo wa kuficha maandishi ya wengine mpaka muda uishe, na ningeshauri uutumie dakika za mwanzo. Bila hivyo bosi akiandika "fomu ni ndefu", vikaratasi vinne vinavyofuata navyo vitazungumzia fomu. Kisha yafichueni na mpeane dakika chache nyingine za kuandika yale yaliyochokozwa na mliyoyasoma. Kimya hicho huwatisha watu wapya, wanadhani mtandao umekatika. Waambie mapema.

Inafuata kazi ya kukusanya, ile ya Kawakita. Hapa ndipo mazungumzo yanapofaa, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kuzungumzia. Mmoja anasogeza "sijui neno la siri liwe na nini" karibu na "ujumbe wa makosa hausomeki", mwingine anakirudisha, na katika kurudishana huko wanagundua kuwa mmoja anafikiria muundo wa fomu na mwingine anafikiria lugha iliyomo ndani yake. Ubishi mdogo wa namna hiyo huwa na faida kuliko vikaratasi hamsini. Msiuharakishe.

Mwishoni hupigwa kura, kila mtu akiwa na vidoa vitatu vya kubandika. Kura nazo zifichwe, la sivyo watu hufuata walikotangulia wengine. Na kura si uamuzi. Huonyesha tu mahali macho ya wengi yalipo. Mwenye dhamana ya kazi bado anatakiwa aseme tunafanya nini, nani anafanya, lini.

Labda unajiuliza inakuwaje watu saba wasivurugane. Kompyuta yako haingoji ruhusa: inaonyesha badiliko papo hapo, kisha inapeleka kwa seva, ile kompyuta ya mbali inayouhifadhi ubao, taarifa ndogo kwamba kitu fulani kimehamia mahali fulani, na seva inawagawia wengine. Wawili wakikivuta kijikaratasi kimoja, njia rahisi inayotumika ni kwamba taarifa iliyofika mwisho ndiyo inayobaki. Lakini mmoja akikibadili rangi wakati mwingine anakisogeza, yote mawili yanasimama, maana rangi na mahali huhesabiwa kuwa taarifa mbili. Maandishi ndiyo yenye ugumu, watu wawili wakiandika ndani ya sentensi moja, na huo ni utafiti uliowashughulisha wataalamu wa kompyuta tangu miaka ya 1980.

Ubao unapogeuka jaa

Weupe usio na mwisho una ubaya wake. Ubao wa ukutani hujaa, na ukijaa lazima mtu ashike kifutio aamue kipi kibaki. Huu haujai kamwe. Kikao cha Januari kinalala kushoto, cha Februari kinaongezwa kulia, na ukirudi baada ya miezi mitatu unakuta kijikaratasi cha waridi kimeandikwa "kama ile ya Jumanne, lakini nyepesi". Aliyekiandika mwenyewe hakumbuki. Mali bila daftari huisha bila habari, na ubao, pamoja na wingi wa maandishi yake, si daftari. Mkishaamua, uamuzi uandikwe kwa sentensi kamili mahali pengine, kwenye hati au orodha ya kazi, na ubao ufungwe usihaririwe tena.

Kuna watu pia ambao ubao huu unawaacha nje. Asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini, hupewa maneno yaliyotawanyika bila ule ujirani unaoyapa maana. Anayeshiriki kwa simu ndogo anatazama ulimwengu kupitia tundu la ufunguo. Kama mmoja wenu yuko hivyo, hati ya kawaida yenye vichwa vya habari itawafaa zaidi, na msione mmerudi nyuma. Na mkiwa wawili, pigianeni simu.

Jihadharini pia na kiungo. Mara nyingi ubao hutumwa kwa kiungo ambacho yeyote aliyenacho anaweza kufungua na kufuta, nacho husambazwa kutoka kikundi hadi kikundi mpaka hakuna anayejua kimefika wapi. Excalidraw inapotumika kwa pamoja husimba michoro, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wake umo ndani ya kiungo chenyewe, sehemu ambayo haifiki kwenye seva. Ulinzi mzuri, ila aliyepata kiungo amepata na ufunguo.

Hata programu zenyewe hufa. Google walikuwa na Jamboard, iliyokuwa programu na pia skrini kubwa ya inchi 55 ya kutundika ukutani. Mwisho wa mwaka 2024 ikazimwa. Wenye mbao walipewa nafasi ya kuzihamishia programu nyingine au kuzihifadhi kama PDF, ambamo vikaratasi vyote vipo, kila kimoja mahali pake, ila hakuna hata kimoja kinachosogezeka.