Kuachanisha masaa hakuzuii spironolaktoni na Septrin kugongana

Nimechoka kusikia kwamba dawa mbili hazigongani mradi umeacha masaa mawili katikati. Naisikia kwa wagonjwa, kwa wauzaji wa maduka ya dawa hapa Arua, Uganda, hata kwa wauguzi ninaowaheshimu sana. Ushauri wenyewe una mahali pake. Siprofloksasini ikimezwa pamoja na vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia, vinashikana tumboni na dawa haiingii mwilini inavyotakiwa. Hapo masaa yanasaidia. Lakini dawa ya kukojoza kama spironolaktoni na antibayotiki kama Septrin ugomvi wao hauko tumboni. Uko kwenye figo na kwenye damu, na huko zitakutana hata ukimeza moja alfajiri na nyingine usiku.

Nipite haraka kwenye mengine. Amoksisilini na Lasix (furosemidi, dawa nyingine ya kukojoza) kwa kawaida hazina shida. Sindano ya jentamaisini na Lasix zinahatarisha masikio na figo, hasa Lasix ikipigwa kwenye mshipa. Masikio yakianza kuvuma, daktari aambiwe siku hiyohiyo. Levofloksasini au azithromaisini kwa mtu ambaye Lasix imemshushia potasiamu, madini ya damuni ambayo moyo huyategemea, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Sasa spironolaktoni. Huku kwetu wanaoimeza ni wenye moyo uliochoka, na wenye maji tumboni kwa sababu ya ini au kichocho, ambacho watu wa kando ya Nile na Ziwa Albert wanakijua vizuri. Dawa hii hutoa maji lakini huzuia potasiamu isitoke. Septrin nayo ina trimethoprimu, na trimethoprimu huziba njia zilezile za figo ambazo sodiamu hupitia ili potasiamu itoke, kama inavyofanya amiloridi, ambayo yenyewe ni dawa ya kukojoza. Kwa hiyo mgonjwa ni kama ameongezewa dawa ya pili ya kuzuia potasiamu bila mtu kuiandika. Trimethoprimu hukaa mwilini muda mrefu: baada ya masaa 8 hadi 10 nusu yake bado iko kwenye damu. Hayo masaa mawili yangefanya nini?

Potasiamu ikipanda haina kelele. Miguu inalegea, mtu anadhani ni uchovu, halafu moyo unasimama. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka mwaka 2011, uliwaangalia wazee wa miaka 66 na zaidi waliokuwa kwenye spironolaktoni. Uwezekano wa kulazwa kwa potasiamu kupanda ulikuwa mara 12 hivi kwa waliopewa Septrin, ukilinganisha na amoksisilini.

Wasiwasi wangu uko hapa. Wagonjwa wangu wengi si wazee wa Kanada. Ni watu wa miaka 40 wanaomeza Septrin ya kinga, ile wanayopewa wenye VVU, 960 mg mara moja kwa siku, na wengi figo zao ni nzima. Simnyang'anyi mtu kinga yake kwa hofu. Namtuma apime potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) kabla, kisha tena ndani ya wiki ya kwanza, na akiwa pia anameza enalaprili au losatani, dawa za presha ambazo nazo hupandisha potasiamu, nampigia daktari wake mwenyewe. Hata kipimo nakipokea kwa tahadhari: damu iliyotikisika njiani kwenye bodaboda hupasua seli zake, na potasiamu inasomeka juu kuliko ilivyo. Nimeona jibu la kutisha kwa mtu asiye na tatizo lolote, tukarudia, likawa la kawaida. Basi lile jibu la kutisha utalipuuza lini? Mimi silipuuzi, narudia kipimo siku hiyohiyo, na tukisubiri mgonjwa anapimwa moyo kwa ECG kama mashine ipo.

Kwa maambukizi ya kawaida, anayekuandikia dawa mara nyingi ana nyingine ya kuchagua. Spironolaktoni usiiache kwa uamuzi wako.

Na wenzangu wa kaunta: Septrin ya kila siku watu hawaitaji mbele ya foleni, kwa sababu kuitaja ni kutangaza hali yao. Ukiona spironolaktoni kwenye karatasi, mwite mgonjwa pembeni, funga mlango, halafu ndipo uulize.