Tuliyemtilia shaka tukampa ufunguo

Nafundisha vikundi vya kuweka na kukopa. Watu hudhani kutwa naulizwa habari za riba. Ninachoulizwa zaidi, tena pembeni, ni: "Mwalimu, huyu tumwamini?"

Mfumo wenyewe, ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, hautegemei watu wawe wameshaaminiana. Tazama sanduku: kufuli tatu, funguo zake kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na wanachama wanakariri salio ili mkutano ujao lisibadilike njiani. Shaka imepangiwa kazi humo.

Mama mmoja muuza mihogo aliomba kujiunga na kikundi nilichokuwa nakilea, chenye wanachama 22. Sifa zake hazikuwa nzuri: kikundi cha awali alikiachia deni. Wengine walisema mumewe aliugua, wengine eti alihama usiku. Aliyeshuhudia hakuwepo, wote walisimuliwa. Nikashauri aingie, anunue hisa, asikope mpaka tuvunje mzunguko, yaani tugawane akiba na kuanza upya. Mama mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, tumpe ufunguo mmoja."

Nilipinga. Nilidhani huruma imemzidi, kumbe hesabu yake ilikuwa imenipita. Ufunguo mmoja, bila sanduku na bila wenzake wawili, haufungui kitu. Hapo hana cha kuiba. Lakini asipofika, mkutano haufunguki. Mtu anayesemwa ni mtoro hawezi tena kukosa hata Jumanne moja bila watu 22 kumtafuta.

Wiki ya sita akachelewa. Tumekaa mkekani, sanduku katikati, kufuli mbili zimeshafunguliwa, macho yote barabarani. Nakiri nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia mwenyekiti. Baada ya nusu saa akatokea mbio, jasho linamtiririka, akalifungua kwa meno fundo la pindo la kanga, akautoa ufunguo. Akatozwa faini ya kuchelewa kama wengine. Hakuna aliyempamba wala kumsuta, na nadhani hilo ndilo lililomtuliza.

Mzunguko wa pili aliomba mkopo wa mtaji. Katiba ya kikundi inaruhusu hadi mara tatu ya hisa. Wakampa kiasi kilekile cha hisa zake, basi. Alinuna kidogo, akasaini.