Simu za mtandao wa redio hazili bando

Juzi tena. Niko juu ya paa Mikindani, Mtwara, nakaza boliti za antena ya redio inayobeba simu zetu, na kijana aliyenishikia ngazi ananiuliza: "Fundi, bando la hizi simu atanunua nani?" Swali hilo nimeulizwa Lindi, nimeulizwa Masasi, na kinachoniuma ni kuulizwa na watu wenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda, si kwa biashara.

Bando halipo. Simu zetu ni za SIP, yaani hupiga kupitia mtandao wa kompyuta. Simu ya SIP inataka mtandao wa IP, yaani wa vifaa vinavyotambuana kwa namba, na intaneti ni mmojawapo tu wa mitandao hiyo. Wengi wamechanganywa na EchoLink, programu ya watu wa redio ya ridhaa ambayo kweli hupita kwenye intaneti. Yetu haipiti huko. Redio ya Shangani ikiisikia ya Mikindani, na seva ya Asterisk, programu ya kuunganisha simu, iko mezani kwangu, simu inaita. Sauti ya G.711, mfumo wa kawaida wa kubeba sauti ya simu, ni paketi (vipande vya data) 50 kwa sekunde, kama kilobiti 90 kila upande. Kiungo chetu cha redio cha gigahezi 5.8 hakitoki jasho. Minazi ndiyo itakusumbua: kwenye kilomita 10, eneo la Fresnel, yaani nafasi ambayo mawimbi yanataka iwe wazi, katikati ya njia lina nusu kipenyo cha mita 11 hivi, kwa hiyo pandisha mlingoti.

Kazi ni kuhakikisha intaneti haijajipenyeza kimyakimya. Tarehe 12 Mei 2024, siku chache baada ya Kimbunga Hidaya, mikongo ya baharini ilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Simu yetu ya Mikindani nayo ikakata mawasiliano. Umeme upo, antena imesimama, ping, jaribio la kuona kama kifaa cha upande wa pili kinajibu, inarudi. Saa mbili nzima nahangaika, ndipo nikafungua mipangilio ya simu: kwenye nafasi ya seva nilikuwa nimeandika jina badala ya namba, na DNS, yaani seva ya kulitafsiri jina hilo kuwa namba, iko ng'ambo. Nikaandika namba ya IP, ikajisajili papo hapo.

Tangu hapo, nikimaliza kufunga nachomoa waya wa intaneti, nazima kila kifaa, nawasha upya, ndipo napiga. Hatua ya kuzima usiiruke. Simu isiyozimwa bado inakumbuka jina lililotafsiriwa jana, na jaribio lako litakudanganya.

Usimbaji, yaani kuficha mazungumzo kwa msimbo, nimeuondoa. Kanuni za kimataifa zinakataza vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kuficha maana ya mawasiliano yao, na Msumbiji ni ng'ambo tu ya Ruvuma. Lakini hapa moyo wangu haujatulia. Muuguzi mmoja aliniomba simu ya kutumia barabara zikikatika. Nilimweleza wazi kwamba mwenye kifaa sahihi anaweza kusikiliza. Akasema, "Nifungie hivyohivyo, kaka." Nikamfungia, na juu ya mkono wa simu nikabandika karatasi: USITAJE JINA LA MGONJWA. Kila nikipita pale naitazama karatasi ile, na bado sijaridhika kwamba inatosha.