Makinikia ni nini? Tuangalie mchanga mweusi wa Mambrui

Makinikia ni madini yaliyokwisha kutenganishwa na sehemu kubwa ya mchanga au mwamba uliochanganyika nayo, lakini bado hayajawa metali. Yametoka shimoni, yamepita mtamboni, na yana safari nyingine ya kwenda kwenye tanuri au kiwanda cha kemikali. Wengi wetu tulilisikia neno hili mwaka 2017, Tanzania ilipozuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Katika mabishano yale, wapo walioamini kwamba ndani ya makontena mlikuwa na mchanga mtupu, na wapo walioamini kwamba ni dhahabu iliyofunikwa. Pande zote mbili zilikosa kuelewa kitu chenyewe.

Sisi wa Malindi tunaweza kuliona jambo hili bila kuingia mgodini. Vuka daraja la Sabaki, shika njia ya Mambrui, ushuke ufukweni bahari ikiwa imekupwa. Pale maji yalipofika mwisho yakijaa utakuta mistari myeusi inayometameta, mahali pengine mipana kiasi cha shubiri, mahali pengine imetanda kama mkeka. Adhuhuri huwezi kuukanyaga kwa miguu mitupu. Chota kidogo kiganjani, kisha mkono wa pili uchote mchanga mweupe wa jirani yake, kiasi kile kile. Utahisi tofauti ya uzito papo hapo.

Mchanga huo umeletwa na mto. Athi hutoka bara, ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na kwetu ni Sabaki. Njiani hukwangua miamba ya kale, na ndani ya miamba hiyo mna chembechembe za madini mazito: ilmenaiti, rutaili, zikoni, magnetaiti, ganeti. Mto unazimwaga baharini pamoja na matope na mchanga wa kawaida, ambao sehemu yake kubwa ni kwatsi. Kutoka hapo kazi inachukuliwa na mawimbi. Wimbi likipanda pwani huja na nguvu na kubeba kila kitu. Likirudi huwa limedhoofika, maana maji mengine yamezama mchangani, kwa hiyo huondoka na chembe nyepesi na kuziacha nzito. Jambo hilo hujirudia mchana na usiku, kusi na kaskazi, mpaka mstari mweusi unajitokeza. Mama anayepepeta mchele kwenye ungo anafanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila yeye anatumia upepo na bahari inatumia maji.

Kwa hiyo ule mstari mweusi ni makinikia ya asili. Na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Kijana anaokota konzi moja ya mchanga mweusi, anasikia kwamba una titani, metali iliyomo ndani ya ilmenaiti na rutaili, na papo hapo anaupigia hesabu ufuo mzima. Lakini konzi ile imekwisha kuchambuliwa na bahari. Haisemi lolote kuhusu mchanga ulio mita tano chini yake, wala ule wa shambani nyuma ya matuta. Watafiti hawapimi mstari. Wanatoboa mashimo kwa mpangilio, wanachukua sampuli kila baada ya kina fulani, wanaiosha kuondoa udongo, kisha wanaitia maabara kwenye kimiminika kizito. Kwa miaka mingi kilichotumika ni bromofomu, ambayo kila lita moja ina uzito wa kilo 2.89. Kwatsi, yenye 2.65, inaelea juu. Ilmenaiti, yenye karibu 4.7, inazama. Kilichozama hukaushwa na kupimwa, kisha huangaliwa kwa hadubini chembe kwa chembe. Bromofomu ni sumu, ndiyo maana maabara nyingi sasa hupendelea vimiminika vingine visivyo na madhara makubwa hivyo. Hapo ndipo inapojulikana ni asilimia ngapi ya mchanga wote ni madini mazito.

Kwa nini maji, na si hewa? Ndani ya maji kila kitu hupunguziwa uzito. Ukitoa kilo 1 ya kila lita ya maji, kwatsi hubaki na 1.65 na ilmenaiti hubaki na 3.7, yaani karibu mara 2.2. Hewani tofauti hiyo haifiki hata mara mbili. Wahandisi wa uchenjuaji, yaani kazi ya kutenganisha madini na mchanga au mwamba, wana kanuni juu ya uwiano huu: ukizidi 2.5, kutenganisha kwa uzito ni rahisi hata chembe zikiwa ndogo. Ukishuka chini ya 1.25, achana na njia hiyo kabisa. Sisi na 2.2 yetu tuko mahali pazuri, mradi chembe zisiwe vumbi. Kuna sharti jingine lisilosemwa sana: chembe kubwa ya kwatsi na chembe ndogo ya ilmenaiti zinaweza kuzama kwa kasi moja. Ndiyo sababu mchanga huchekechwa kwanza, zinazokaribiana ukubwa zikae pamoja.

Mtambo unaotumika sana ni mfereji uliopindwa kuizunguka nguzo, ukishuka. Mchanga na maji humiminwa juu. Yanaposhuka yakizunguka, chembe nzito hujisogeza upande wa ndani na nyepesi hutupwa nje. Hauna injini ndani yake. Mmarekani Ira Humphreys ndiye aliyeuleta kwenye kazi ya kibiashara mwaka 1943, kwa mchanga wa kromaiti huko Oregon, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana. Kwale, kulikokuwa na mgodi wa mchanga wenye titani, walitumia mifereji ya namna hii hadi uchimbaji ulipofungwa mwishoni mwa 2024.

Makinikia yanayotoka hapo bado ni mchanganyiko, kwa hiyo hukaushwa na kutenganishwa tena. Hatua ya kwanza unaweza kuijaribu mwenyewe: chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa karatasi, uipitishe juu ya mchanga mweusi mkavu. Zile zinazoruka na kuganda ni magnetaiti. Ilmenaiti huvutwa na sumaku pia, lakini inataka sumaku yenye nguvu zaidi, ile ya kiwandani. Rutaili na zikoni hazivutiki, na hizo mbili hutenganishwa kwa umeme, kwa kuwa rutaili inapitisha umeme na zikoni haipitishi. Zikoni inakwenda kwenye vigae na vyombo vya kauri. Ilmenaiti na rutaili kwa sehemu kubwa zinakwenda kutengeneza rangi nyeupe.

Makinikia ya dhahabu na shaba ya Tanzania yalipatikana kwa njia nyingine. Mwamba husagwa ukawa unga, hutiwa maji na kemikali, kisha hewa hupulizwa ndani. Chembe zenye shaba hung'ang'ania mapovu na kupanda nayo juu, povu likaenguliwa. Njia ni tofauti, lakini lengo ni lile lile.

Sasa tuje kwenye namba mbili ambazo bila hizo neno makinikia halina maana. Ya kwanza ni gredi: ndani ya makinikia, madini unayoyataka ni asilimia ngapi? Ya pili ni uokoaji: katika madini yote yaliyoingia mtamboni, umeokoa asilimia ngapi? Tuseme mtambo umelishwa tani 100 za mchanga zenye tani 4 za madini mazito. Ukitoa tani 4 za makinikia zenye gredi ya 90%, umepata tani 3.6 za madini, na uokoaji ni 90%. Ukitaka makinikia safi zaidi, ubane mpaka gredi ifike 98%, pengine utatoka na tani 2.5 tu, na uokoaji utaanguka hadi 61%. Ukilegeza uchukue tani 10 zenye gredi ya 39%, umeokoa karibu 98%, lakini unalipia lori na meli kubeba kwatsi. Namba moja ikipanda, nyingine hushuka. Anayekutajia gredi peke yake amekuficha nusu ya habari, awe anauza au anatoza kodi.

Mtambo pia hauchagui wema na ubaya, unachagua uzito. Katika mchanga wa namna hii huweza kuwamo monazaiti, madini mazito yenye thoriamu, ambayo hutoa mnururisho. Ikiwa imetawanyika ufukweni ni kidogo mno. Ikikusanywa pamoja na nyingine nzito, kiasi chake katika kila kilo huongezeka, na wafanyakazi wa kiwanda cha kukausha wanapaswa kupimwa na kulindwa na vumbi lake.

Hata ilmenaiti safi kabisa, isiyo na chembe moja ya kwatsi, si titani tupu. Kikemia ina titani 31.6% na chuma 36.8%, kinachobaki ni oksijeni. Kuivunja hiyo kunahitaji asidi kali au gesi ya klorini kwenye joto la karibu nyuzi 1,000, na hiyo si kazi ya uchenjuaji tena.