Je, wajua kwa nini waigizaji wa kwanza wa sinema hawakutajwa majina?

Mtu aliyekwenda kutazama sinema Marekani mwaka 1908 aliweza kumpenda mwigizaji, akamtambua tena katika picha ya wiki iliyofuata, na bado asijue anaitwa nani. Sababu kubwa ilikuwa fedha, kwani wenye kampuni walihofu kwamba mwigizaji akishajulikana kwa jina atadai mshahara unaolingana na jina hilo. Tena baadhi ya waigizaji, waliozoea jukwaa la tamthilia, waliona haya kuonekana katika burudani iliyodhaniwa kuwa ya makabwela.

Florence Lawrence, mzaliwa wa Hamilton nchini Kanada mwaka 1886 na binti wa mwigizaji wa jukwaani, alijiunga na kampuni ya sinema ya Biograph mwaka huohuo wa 1908. Alipendwa upesi, na kwa kuwa jina lake lilifichwa, watazamaji walimwita "Msichana wa Biograph". Baadaye Carl Laemmle, mwenye kampuni ya IMP, alimchukua, na mwaka 1910 ukavuma uvumi kwamba Florence amegongwa na tramu akafa. Laemmle alilipia tangazo la kukanusha uongo huo, ambao wengi wanaamini aliuzusha yeye mwenyewe, kisha akampeleka mji wa St. Louis, Marekani, ili watu wamwone akiwa hai. Umati ulijaa, na jina lililofichwa likawa midomoni mwa watu. Kusema kweli hakuwa peke yake, maana kampuni ya Kalem ilikuwa imekwisha kutangaza waigizaji wake kwa majina mapema mwaka huo. Lakini hakuna aliyetangazwa kwa kishindo kama hicho.

Alipenda pia magari, hata akabuni mkono wa kuonyesha upande ambao gari linakata kona, na kibao kilichojitokeza nyuma chenye neno la kusimama kila dereva alipokanyaga breki. Hakuvisajili, kwa hiyo havikumpa hata senti.

Moto uliozuka wakati wa kupiga picha za sinema ulimuunguza na kumuumiza mgongo, na kazi yake ikafifia. Katika miaka ya 1930 alikuwa akipewa na kampuni ya sinema ya MGM sehemu ndogondogo, mara nyingi bila kutajwa jina. Alifariki mwaka 1938, akazikwa Hollywood katika kaburi ambalo halikuandikwa jina lake hadi mwaka 1991.